Kreifishi wa Naivasha na bei inayopangwa mbali na ziwa

Wateja wangu wa Nakuru huniuliza swali moja mara kwa mara: mbona kreifishi, huyu jamaa ya kamba wa maji baridi mwenye magando, hana bei ya kueleweka? Mbuta ana bei, tilapia ana bei, hata omena anayepanda basi kutoka Kisumu mtu hujua gorogoro itamtoa pesa ngapi wiki hii. Kreifishi leo ni hivi, kesho ni vile, na kuna wiki nzima hapatikani hata wa kuulizia. Nikiwa sokoni mikono imelowa, na mteja anakimbilia matatu ya Njoro, jibu ninalotoa huwa nusu. Leo nataka kulitoa lote.

Mimi hununua kreifishi Naivasha, Kamere na Karagita zaidi, na kuwauza Nakuru mjini na Nairobi: hoteli, mikahawa ya Wachina, na familia chache zilizokwisha kumzoea. Ni biashara ndogo. Lakini tangu niianze nimekuwa nikifuatilia bei za wenzetu wa mbali, wanaovua kaa, kamba na kambakoche (lobsta) kwenye bahari ambazo huenda nisizione maishani, kwa sababu yanayowapata wao hayachelewi kutufikia sisi. Na jambo moja nimelishika: bei ya mnyama wa kuvuliwa haiamuliwi na maji peke yake. Inaamuliwa na idadi ya milango ya kumtolea. Mwenye mnunuzi mmoja hana bei, ana hisani ya mnunuzi.

Nianze na mnyama mwenyewe. Kreifishi wetu, yule mwekundu mwenye magando yenye vipele, si wa Naivasha kwa asili. Kwao ni kusini mwa Marekani, Louisiana na majirani zake. Aliingia Kenya miaka ya 1960 kutoka Uganda, na mwaka 1970 akatiwa Ziwa Naivasha ili awe chakula cha blakibasi, samaki mwingine wa Kiamerika aliyekuwa ameletwa 1929, na ili wavuvi wapate kitu kingine cha kuvua. Akazaana kupita matarajio. Kufikia 1975 kulikuwa na uvuvi wa biashara uliosimama, na kwa miaka kadhaa mamia ya tani yalikuwa yanaondoka Naivasha kila mwaka kwenda Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mavuno yakaporomoka, biashara ya Ulaya ikafa, na kreifishi akabaki wa hoteli za watalii.

Ziwa nalo lililipa gharama yake. Kreifishi anakula majani ya majini, na katika miaka ileile aliyostawi, mayungiyungi ya bluu yaliyokuwa yamefunika sehemu za pembeni mwa ziwa yalitoweka, pamoja na majani yanayoota chini ya maji. Idadi yake ikishuka, majani hurudi. Ikipanda, yanaondoka tena. Wavuvi wa nyavu pia hawampendi, maana huwahi samaki aliyenaswa akamla kabla mwenyewe hajafika. Kwa hiyo sisemi alikuwa baraka. Nasema yuko, hatoki, na kwa vile hatoki ni heri awalipe watu wanaokaa kando ya lile ziwa.

Sasa mtazame anavyofika mkononi mwangu. Anavuliwa kwa mtego wa waya wenye mdomo mwembamba unaoingia ndani, na chambo huwa kichwa cha samaki au utumbo. Mtego unatupwa jioni karibu na matete na kuvutwa alfajiri. Mvuvi humwaga kwenye karai, na hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Namshika mgongoni, nyuma kidogo ya magando, kwa kidole gumba na cha shahada. Ukimshika penginepo atakubana na hataachia. Akiwa mzima huukunja mkia kwa nguvu mpaka unasikia ukipiga tumbo lake. Akiwa ananing'iniza mkia tu, simchukui, kwa kuwa kreifishi aliyekufa huharibika upesi sana na mpishi anayejua kazi atamrudisha. Wazima nawapanga kwenye gunia lililolowa, siwatii ndani ya ndoo ya maji. Watu hushangaa, lakini huyu mnyama, mashavu yake yakiwa na unyevu, anaweza kukaa nje ya maji saa nyingi. Ndani ya ndoo iliyojaa wenzake hewa huisha na wote wanakufa.

Halafu mizani. Hapa ndipo panapoleta ugomvi kila asubuhi. Kreifishi aliyetoka majini sasa hivi ana maji kila mahali, chini ya gamba, katikati ya miguu. Mvuvi anataka apimwe papo hapo, mimi nataka tungoje adondoshe. "Mama, unanipunja maji ya ziwa langu," mzee mmoja wa Kamere huniambia, nami humjibu, "Mzee wangu, hoteli hainilipi hayo maji." Sote wawili tuna haki. Kwenye kreifishi mzima, nyama ya mkia ni kama asilimia 15 tu ya uzito wake. Maana yake kilo moja ya nyama iliyomenywa imetoka kwenye kilo sita au saba za wanyama wazima. Ukiongeza maji kwenye kilo hizo, hesabu ya mpishi inavunjika, na hesabu ya mpishi ikivunjika, anarudi kwa kamba wa kugandishwa.

Miaka ileile mambo yalipokuwa yakichemka Naivasha, Wahispania walimchukua mnyama huyuhuyu kutoka Louisiana. Mwaka 1974 wakamtia kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga ya Mto Guadalquivir, kusini mwa nchi yao. Aliwavamia kama alivyotuvamia: akatoboa kingo za majaruba, akala kila alichokikuta. Lakini pale kwenye mji mdogo wa Isla Mayor, watu walijenga viwanda. Kreifishi anavuliwa kwa mitego, anaingia kiwandani, anachemshwa, wengine wanamenywa, wanagandishwa, wanapakiwa. Huuzwa nchi nyingi. Mahakama ya Juu ya Hispania ilipopiga marufuku unyonyaji wa kibiashara wa viumbe vamizi mwaka 2016, mji mzima ulitetemeka kwa kuwa riziki yake ilikuwa hapo, na mwaka 2018 sheria ikabadilishwa ili uvuvi uendelee mahali ambapo mnyama amekwisha kuenea. Sisi na wao tulimpata karibu wakati mmoja. Wao wana viwanda, sisi tuna magunia yaliyolowa.

Mnunuzi mkubwa wa Ulaya anayetajwa siku zote ni Swideni. Kule mwezi wa Agosti watu hukaa mezani na familia na marafiki, wakala kreifishi waliochemshwa kwa shibiti (dill) na chumvi, wakaimba. Ni desturi yao hasa, kama mbuzi wa Krismasi kwetu. Kreifishi wao wengi wa asili waliangamizwa na ugonjwa wa ukungu uliofika nchini mwao mwaka 1907, na tangu hapo wamekuwa wakitegemea sana wa kutoka nje. Leo kwenye maduka yao utakuta kreifishi wa Hispania, wa China na wa Misri. Misri ilimpata mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea kwenye Nile, wakulima wakamlalamikia kwa kutoboa mifereji, na baadaye wakajifunza kumchemsha na kumgandisha kwa ajili ya masoko ya nje. Wa Naivasha simsikii akitajwa kwenye orodha hiyo.

Na hata tukitaka kurudi leo kwa njia ya zamani, haiwezekani. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulimweka kreifishi huyu kwenye orodha yake ya viumbe vamizi. Kumwingiza akiwa hai ni kosa. Atakayeingia Ulaya sasa ni aliyechemshwa au kugandishwa, kutoka kiwanda chenye cheti. Bila chumba cha baridi na cheti, mlango huo kwetu ni ukuta.

China ni hadithi nyingine kabisa. Kreifishi alifika kule kutoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1920, na leo wanamfuga kwenye majaruba ya mpunga kwa wingi ambao akili haiushiki: mwaka 2023 uzalishaji ulipita tani milioni 3, mkoa wa Hubei ukiongoza. Anayefugwa kwa wingi kiasi hicho ndiye anayempangia bei anayevuliwa, popote alipo. Mpishi wa Kichina wa Nairobi anayenunua kwangu anajua kilo ya kwao ni kiasi gani kila mwezi. Msimu wao ukipamba moto kati ya Mei na Juni bei kule huanguka, naye hunionyesha kwenye simu yake kabla sijafungua mdomo. Simlaumu. Kitu pekee ninachomshinda nacho ni kwamba wa kwangu ni mzima, amevuliwa alfajiri, na yuko mlangoni kwake kabla ya saa sita.

Jambo hili la wa kufugwa kumwangusha wa kuvuliwa limewaumiza watu wengi zaidi kwenye kamba wa baharini. Ekwado peke yake iliuza nje zaidi ya tani milioni moja za kamba wa mabwawani mwaka 2022. Mwaka uliofuata wavuvi wa kamba wa Ghuba ya Meksiko, upande wa Louisiana, walikuwa wakilia kwamba bei wanayolipwa ni ile ya miaka ya 1980, ilhali dizeli si ya miaka ya 1980. Mashua nyingi zilibaki zimefungwa. Huku kwetu pwani uvuvi wa kamba wa Ghuba ya Ungwana una matatizo yake mengine, meli za kukokota nyavu zilisimamishwa 2006 na kurudishwa 2011 kwa masharti, lakini hata huyo kamba wa Ungwana akifika Nairobi anakutana kwenye friji na wa kutoka nje.

Mimi huona athari hiyo kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, kamba wa kugandishwa wa nje wakawa ghali, na wapishi walikuwa wakinipigia wenyewe kuulizia mzigo. Katikati ya mwaka dola ikashuka hadi karibu 130. Simu zikapungua. Ziwa halikubadilika, mitego ilikuwa ileile, na bado bei yangu ilishuka.

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, maana unawapinga wanaosema kitu kikiadimika basi bei lazima ipande.

Kwenye Bahari ya Bering, Alaska, huvuliwa kaa wa theluji, yule mwenye miguu mirefu myembamba. Kati ya 2018 na 2021 kaa bilioni 10 hivi walitoweka. Bahari ilipata joto lisilo la kawaida mwaka 2018 na 2019. Joto humfanya kaa ahitaji chakula zaidi, nao walikuwa wengi wamebanana sehemu ndogo, wakafa njaa. Watafiti walieleza hivyo mwaka 2023. Kiwango walichoruhusiwa wavuvi kilishuka kutoka ratili (karibu nusu kilo) milioni 45 msimu wa 2020 hadi milioni 5.6 uliofuata, na Oktoba 2022 uvuvi ukafungwa kabisa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Juu ya hayo, Marekani ilikuwa imekwisha kupiga marufuku samaki wa Urusi tangu Machi 2022, kwa sababu ya vita vya Ukraine, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa kaa.

Mtu yeyote wa sokoni angesema: waliobaki na kaa watatajirika. Waliobaki walikuwa wavuvi wa Newfoundland, Kanada. Mwaka 2022 walianza msimu kwa dola 7.60 za Kanada kwa ratili. Aprili 2023, Alaska ikiwa imefungwa, bei waliyotangaziwa ilikuwa dola 2.20.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuandika. Lakini ukichimba unaona. Wakati wa korona Wamarekani walikaa nyumbani na pesa mkononi, wakanunua kaa kwa bei yoyote. Wenye maghala wakajaza vyumba vya baridi kwa bei ya juu. Kisha maisha yakapanda, watu wakaacha kula kaa kwanza kabla ya kuacha kitu kingine chochote, na maghala yakabaki yamejaa kaa wa mwaka uliopita. Kaa wa Newfoundland karibu wote huenda Marekani. Mlango ulikuwa mmoja na nyuma yake kulikuwa na rundo.

Wavuvi walikataa kutoka. Kwa karibu wiki sita mashua zilikaa bandarini, wakati msimu wenyewe ni wa miezi michache tu. Mwishowe walitoka kwa bei ileile. Mwaka uliofuata, Machi 2024, walienda mji mkuu wa jimbo, St. John's, wakazuia jengo la bunge siku ya bajeti hadi bajeti ikaahirishwa. Walichokuwa wanadai ni kitu kimoja kilichonifanya niwaheshimu sana: waruhusiwe kumuuzia mnunuzi yeyote, hata wa nje ya jimbo, badala ya kufungiwa kwa viwanda vya humohumo. Serikali ilikubali kufungua mlango. Hawakwenda bungeni kuomba ruzuku. Walienda kuomba wanunuzi.

Kambakoche wa Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, anaonyesha mwenendo huohuo kwa upole zaidi. Mwaka 2016 walivua zaidi ya ratili milioni 132, hawajawahi kufikia tena. Mwaka 2021 walipata ratili milioni 108 tu, lakini kila ratili ilimlipa mvuvi dola 6.71, ukawa mwaka wa pesa nyingi kuliko yote waliyowahi kuona, zaidi ya dola milioni 700. Mwaka mmoja baadaye ratili ilikuwa dola 3.97, huku mafuta na chambo vikiwa vimepanda. Mwaka 2024 wakarudi kwenye dola 6.14, lakini kwa ratili milioni 86 tu. Ukisoma bei peke yake utadhani wamepona. Ukisoma na wingi unaona kwamba wanapata pesa nzuri kwa mnyama anayepungua, na bahari yao inazidi kupata joto. Bei nzuri ya aina hiyo mimi hainifurahishi. Ni pesa ya kuuza mbegu.

Na Australia. Kabla ya mwishoni mwa 2020, zaidi ya asilimia 90 ya kambakoche waliouzwa nje na Australia walikwenda China, wazima, kwa ndege, kwa bei ya harusi na mwaka mpya wa Kichina. Novemba 2020 mzigo ulizuiwa uwanja wa ndege wa Shanghai, siasa za nchi mbili zikiwa zimeharibika, na soko likafungwa. Lilifunguliwa tena Desemba 2024. Miaka minne! Fikiria mtu mwenye mkopo wa mashua. Jambo moja walilofanya jimbo la Australia Magharibi ni kuwalegezea wavuvi sheria ili wauzie wananchi moja kwa moja kutoka kwenye mashua zao gatini. Familia zikaenda na ndoo, zikanunua kambakoche ambaye hapo awali hawangeweza kumgusa kwa bei. Haikuziba pengo lote, lakini ilikuwa mlango wa pili, na ulifunguliwa haraka.

Hilo la Australia ndilo lililonikumbusha Machi 2020 kwetu. Ndege za abiria zilisimama, hoteli za Naivasha zikafunga, na hoteli moja kubwa iliyokuwa ikichukua karibu mzigo wangu wote ilinitumia ujumbe wa simu wa sentensi moja: nisilete tena. Nilikuwa na magunia barabarani. Mwaka huohuo maji ya ziwa yalipanda, yakaingia kwenye makazi ya Kihoto, na vituo vya kupokelea samaki vikafunikwa. Wavuvi waliendelea kupata kreifishi, hawakuwa na wa kumuuzia. Kilo iliyokuwa ya kugombaniwa ikawa chambo cha kambare.

Tulichofanya wakati huo ni kuchemsha. Mimi na kina mama wengine wawili wa Karagita tulitumia sufuria kubwa za shughuli, tukawachemsha na chumvi, tukamenya mikia, tukaiuza kwa pakiti ndogo kwa majirani, Nakuru na Gilgil, watu ambao hawajawahi kula kreifishi maishani. Wengine walikataa kabisa kwa sababu ya sura yake. Lakini mkia uliomenywa hauna sura. Ukikaangwa na kitunguu, dania na ndimu kidogo, watoto walikuwa wakimaliza kabla wazazi hawajakaa. Wateja wa namna hiyo ninao mpaka leo, na ni wao walionibeba simu za hoteli zilipopungua mwaka 2024.

Kuna mtu ataniambia Kisumu hawana shida hii kwa sababu Ziwa Victoria halina kreifishi wa kuuza nje. Mwambie aende aone ochong'a. Ni kamba wadogo kabisa, wa asili ya ziwa lenyewe, wanaoingia kwenye nyavu pamoja na omena usiku, chini ya taa. Pale ufukweni huanikwa, hutenganishwa, na anayewanunua karibu siku zote ni mtu wa chakula cha kuku na samaki wa mabwawa. Uvuvi wa omena ukifungwa Aprili hadi Julai ochong'a naye huadimika, na ungetarajia bei ya debe ipae. Wafanyabiashara ninaoongea nao soko la Kibuye, Kisumu, wanasema haipai hivyo, kwani mwenye kusaga chakula cha kuku huhamia kwenye kitu kingine cha protini, kisha hurudi Agosti akiwa na bei yake mfukoni. Ni Newfoundland ileile kwa kipimo cha debe. Ochong'a mkavu, safi, asiye na mchanga, ni chakula cha binadamu, na ladha yake kwenye mchuzi wa nyanya ni ya kamba kabisa. Natamani sana akina mama wa ufuo wa Dunga, Kisumu, wampakie kwenye mifuko ya robo kilo na wamuuze kwa watu, si kwa kuku peke yake.

Kwa Naivasha ninachokiona ni hiki. Chumba kimoja cha baridi kinachomilikiwa na kikundi cha ufukweni, si broka, kingebadilisha mazungumzo yote ya asubuhi. Leo mvuvi akifika saa moja na kreifishi wazima ana saa chache za kuuza, nami najua, naye anajua kwamba najua. Angekuwa na mahali pa kuchemsha na kugandisha, angeweza kuniambia hapana. Ningependa aweze kuniambia hapana. Ningelipa zaidi, ndiyo, lakini ningepata mzigo hata wiki ambayo upepo umekataza mashua, na wapishi wangeacha kuniita mtu wa kubahatisha.

La pili ni daftari. Kikundi kikiandika kila siku kilo ngapi zimetoka, kwa bei gani na zimeenda wapi, baada ya mwaka mmoja kitaona chenyewe ni miezi gani mnunuzi hubana na ni miezi gani yeye ndiye aliyebanwa. Watu wa Maine wanajua bei yao ya kila mwaka miaka mingi nyuma, ndiyo maana wanaweza kubishana na mnunuzi kwa tarakimu. Sisi hubishana kwa kumbukumbu, na kila mtu hukumbuka kinachomfaa.

Nimeanza daftari langu mwenyewe, bei ninayonunulia na ninayouzia, tarehe na mahali. Nimewaambia wavuvi wa Kamere wanaweza kuliangalia wakitaka, hata ukurasa wenye faida yangu. Wawili wameshapiga picha kwa simu.

Jumamosi kikundi kinakutana Karagita. Ajenda ya kwanza ni ile ya mizani: kreifishi apimwe na maji yake au aachwe kwanza adondoshe juu ya waya kwa robo saa. Nitasimama upande wa waya, nami nitapendekeza bei ya kilo ipande kufidia uzito unaopotea, iandikwe ubaoni pale ufukweni kila asubuhi, na kila mnunuzi anayefika aikute hapo, mimi nikiwa mmoja wao. Kama uko Gilgil, Nakuru au Nairobi na unanunua kreifishi, njoo. Tunahitaji wanunuzi zaidi ya mmoja kwenye hicho kikao.